Pizza ya Jumamosi Huanza Ijumaa Usiku

Familia iliyojiwekea Jumamosi kuwa siku ya pizza mara nyingi huanza kukanda saa kumi jioni. Hamira hutiwa pakiti nzima ili unga uumuke upesi, juu hurundikwa kila kilichomo kwenye friji, na saa mbili usiku watu hukaa mezani mbele ya kitu kigumu pembeni, kibichi katikati, chenye harufu ya hamira. Lawama hupewa oveni. Husemwa kwamba pizza ni chakula cha mikahawa yenye matanuri ya kuni, na sisi wa jiko la gesi turidhike na tunachopata. Oveni ina makosa yake, nitayafikia, lakini kosa kubwa limetangulia kabla moto haujawashwa: unga umenyimwa usiku wake. Pizza inataka muda kuliko inavyotaka mikono, hamira au vifaa, na muda huo haumpunguzii mpishi kitu, kwa kuwa unapita akiwa amelala.

Ushahidi wa kwanza unatoka Napoli, Italia, mji ambao pizza ya leo ilikulia kama chakula cha barabarani cha watu wa kipato kidogo. Wapishi wa huko wanailinda kazi yao kwa wivu. Mwaka 1984 walianzisha chama cha kuitetea, Associazione Verace Pizza Napoletana. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukaandika kanuni za pizza ya Napoli katika sheria zake. Na mwaka 2017 UNESCO ikaingiza ufundi wa wapishi hao katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Mtu anaweza kuzicheka kanuni zinazopima hadi unene wa pizza katikati, ila kuna mstari mmoja ndani yake ambao mpishi wa nyumbani angefaa aubandike mlangoni mwa friji. Kwa lita 1 ya maji na takriban kilo 1.8 za unga, hamira ni gramu 3. Ukigawa, nusu kilo ya unga haipati hata gramu moja. Sasa chukua pakiti ya kawaida ya dukani, ambayo kwa kawaida huwa na gramu 7 hadi 11, uimwage yote katika nusu kilo hiyohiyo: umetia mara nane au zaidi ya wanachotia Napoli. Wanawezaje na hamira kidogo namna hiyo? Wanasubiri. Kanuni zinataka unga uumuke saa mbili kwanza, ukatwe madonge, kisha madonge yapumzike saa nne hadi sita nyingine. Hamira nyingi ni njia ya kununua muda, na bei yake hulipwa kwa ladha.

Ni nini hasa kinachotokea katika saa hizo? Anayejua chapati tayari anajua nusu ya jibu. Ukisukuma donge la chapati mara tu baada ya kukanda, linajivuta na kurudi lilikotoka; ukilifunika likatulia, linafunguka kama kitambaa. Protini mbili za ngano zikikutana na maji hushikana na kufanya utando unaovutika, gluteni, na utando huo hujijenga wenyewe maji yakipewa nafasi ya kupenya. Ndiyo maana yule anayekanda dakika ishirini mpaka mabega yanauma anafanya kazi ambayo usiku ungemfanyia bure. Wakati huohuo vimeng'enya vilivyomo ndani ya unga vinakata wanga kuwa sukari. Hamira inakula sehemu ya sukari hiyo na kutoa gesi inayoumua, pamoja na vitu vingine vyenye harufu na ladha ambavyo havina njia ya mkato. Sehemu inayobaki ndiyo hugeuka rangi ya kahawia jikoni. Unga ulioumuka kwa saa moja una gesi ya kutosha, hilo sikatai, na kwa macho unaonekana tayari. Bali una sukari kidogo, ladha ya unga mtupu na utando ambao bado umekaza. Ndani ya friji, kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi, hamira haifi. Inasinzia na kufanya kazi polepole sana, vimeng'enya navyo vinaendelea taratibu, na kesho yake jioni unachotoa ni unga mwingine kabisa.

Hapa ndipo mwenye shaka atauliza juu ya moto, na swali lake ni la haki. Tanuri la Napoli hufika nyuzi 485, na pizza huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni nyingi za nyumbani huishia 250. Je, usiku mzima wa kusubiri unaweza kufidia pengo hilo? Lote, hapana, pizza ya oveni ya nyumbani haitakuwa ya Napoli, na anayeahidi hivyo anauza kitu. Lakini pengo hilohilo ndilo linaloufanya muda uwe na thamani kubwa zaidi kwetu kuliko kwao. Kwenye nyuzi 485 hata unga wa kawaida utababuka. Kwenye 250 unga usio na sukari ya kutosha hubaki mweupe dakika kumi nzima, huku ukikauka na kuwa biskuti kabla haujapata rangi. Unga uliolala hupata rangi mapema, ukatoka ungali na unyevu ndani. Kwa sababu hiyohiyo tunauongezea maji: wao huweka takriban nusu lita na kidogo kwa kila kilo ya unga, sisi tunaokaa muda mrefu motoni tunaweza kufika mililita 650 kwa kilo. Unga huo hunata mikononi siku ya kwanza na kumtisha aliyezoea unga wa chapati. Asiongeze unga mkavu. Asubuhi utakuwa umeshikana.

Kisha kuna joto la chini, ambalo ndilo kosa halisi la oveni zetu. Hewa ya moto ni mbebaji dhaifu wa joto; utaingiza mkono kwenye oveni ya nyuzi 250 kwa sekunde moja bila kuungua, lakini huthubutu kugusa trei iliyomo. Pizza ikiwekwa juu ya trei baridi, kitako chake husubiri trei ipate moto kwanza, na katika kusubiri huko supu ya nyanya inapenya unga. Dawa ni kuiweka juu ya kitu kizito ambacho kimekwisha kupata moto. Maduka huuza mawe ya pizza, ni mazuri na yana bei yake. Chuma hupitisha joto haraka kuliko jiwe au udongo kwa mbali, na nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina chuma tayari: kile cha chapati. Kikiwa hakina mpini wa mbao au plastiki, kigeuze juu chini ndani ya oveni, ukipashe nusu saa kwa moto wa mwisho, kisha telezesha pizza juu yake.

Na asiye na oveni? Nyumba nyingi hazina, na kwa hao pizza ni karibu zaidi kuliko wanavyodhani, kwa sababu mapishi ya pwani yalikwisha kulitatua tatizo hili. Mkate wa ufuta wa Zanzibar ni mkate wa hamira unaookwa bila oveni: huwekwa kwenye chuma juu ya makaa mpaka chini ushike, kisha chuma chote hupinduliwa uso wa mkate ukaangalia moto, nao ukaiva juu. Mikate ya sufuria nayo hupaliwa makaa juu ya mfuniko, moto ukawa chini na juu. Huo ndio mfumo wa tanuri, umepunguzwa ukubwa tu. Kwa pizza, pasha chuma vizuri, tandaza donge, acha upande mmoja ubabuke dakika mbili au tatu, geuza kama chapati, paka nyanya na jibini juu ya upande ulioiva, punguza moto na ufunike mpaka jibini iyeyuke. Mwenye jiko la mkaa na apalie juu, mradi jiko liwe nje au penye hewa, maana gesi ya mkaa huua bila kunukia. (Wa Forodhani wasinielewe vibaya: ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, unga mwembamba uliokunjiwa mayai na nyama ya kusaga ukakaangwa, ni tamu sana, lakini na Napoli wanashirikiana jina tu.)

Usiku mzima wa subira unaweza kuharibiwa kwa dakika mbili za ulafi wa kujaza juu. Adui hapa ni maji. Kuyafikisha maji ya kawaida kwenye mchemko ni kazi ndogo. Kuyageuza kuwa mvuke kunataka joto zaidi ya mara sita ya lile lililoyachemsha. Kila kijiko cha maji ya nyanya unachomwaga juu ya pizza kinakula moto ambao ungekausha na kubabua unga, na moto wenyewe tunao kidogo. Nyanya zetu mbichi zina maji mengi, kwa hiyo zikwaruze, zitie chumvi, zichuje, au uzikaushe motoni mpaka rojo lisimame kwenye kijiko. Vijiko vitatu vya rojo hilo vinatosha pizza ya sentimita 26. Uyoga, pilipili hoho na vitunguu vipitishwe kikaangoni kwanza, nyama na kuku viwe vimeiva kabisa. Kuhusu jibini, au chizi kama wengi wanavyoiita, malalamiko ya bei ni ya kweli, ila yanatokana na kuamini kwamba pizza ni chombo cha kubebea jibini. Chama cha Napoli kinatambua pizza mbili za asili, margherita na marinara, na marinara haina jibini hata chembe: nyanya, kitunguu saumu, oregano, mafuta ya zeituni. Unga usio na ladha ndio unaohitaji kufunikwa. Gramu 70 za mozzarella kavu ya kukwaruza kwa kila pizza ni kiasi cha heshima, na anayetaka kupunguza gharama ya Jumamosi zote za mwaka aanzie hapo.

Limebaki pingamizi la umeme na joto, ambalo vitabu vya mapishi vya Ulaya havina sababu ya kulijibu. Umeme ukikatika usiku, friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa nne, na unga hautaharibika kwa hilo. Utawahi kidogo tu. Asiye na friji, akiwa Dar es Salaam au Mombasa ambako jikoni pana nyuzi 28 au zaidi, asilaze unga usiku. Atie hamira ya kushika kwa ncha ya kijiko, akande asubuhi, auweke mahali penye ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba, na jioni utakuwa tayari. Iringa au Limuru mwezi wa Julai, hamira hiyohiyo itahitaji saa nyingi zaidi. Saa ya ukutani ni mshauri mbaya katika jambo hili. Tazama donge: likiwa limekaribia mara mbili ya ukubwa wake, na ukilibonyeza kwa kidole alama inarudi polepole bila kujaa yote, limefika.

Kwa familia ya watu wanne au watano hesabu ni hii. Ijumaa saa tatu usiku, baada ya vyombo kuoshwa, changanya unga wa ngano gramu 500, chumvi gramu 11, hamira ya chenga robo ya kijiko cha chai iliyoyeyushwa katika mililita 325 za maji. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, soma pakiti na uchukue unga wenye protini nyingi, gramu 11 au 12 kwa kila 100. Changanya mpaka pasiwe na unga mkavu, funika, nenda kaoge, rudi uukunje mara chache ndani ya bakuli, gawa madonge matatu, yapake mafuta na uyaingize kwenye friji katika vyombo vyenye mifuniko na nafasi ya kuumuka. Kazi yote haizidi dakika kumi na tano. Jumamosi yatoe saa moja au mbili kabla ya kula, kadiri ya joto la mahali. Acha watoto watandaze kwa vidole, toka katikati kwenda nje. Mti wa kusukumia chapati hutoa gesi yote uliyoisubiri usiku kucha. Donge lililolala halishindani na mkono wa mtoto wa miaka saba, na hiyo, kwa usiku wa familia, si faida ndogo.

Na kama Ijumaa imepita bila unga kukandwa, usijaribu kuikimbiza kwa pakiti nzima ya hamira. Jumamosi pikeni wali, kisha kandeni usiku huo. Pizza italiwa Jumapili.