Maua ya saloni na moshi wa mbabula

Siku hizi katika vikundi vyetu tunasikia kwamba ua likiwekwa saloni linasafisha hewa ya nyumba. Wauzaji nao wamelisikia, na bei imepanda.

Neno hilo lina mzizi. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, B. C. Wolverton, akifanya kazi na shirika la anga la NASA, aliweka mimea ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa, akaingiza humo sumu za hewa kama zile zitokazo kwenye rangi na gundi. Sumu zilipungua. Kati ya mimea hiyo kulikuwa na ua lile la majani marefu yanayosimama kama panga, ambalo asili yake ni Afrika, kuanzia magharibi mpaka huku Kongo.

Lakini nyumba si sanduku. Mwaka 2019 watafiti Cummings na Waring walipitia majaribio ya namna hiyo, wakakuta kwamba ili mimea ifikie kazi ya hewa inayopita yenyewe katika jengo, ingetakiwa mimea 10 mpaka 1000 kwa kila mita ya mraba. Watoto wangelala wapi?

Na kwetu adui mkubwa si gundi, ni mbabula. Usiku wa baridi, Bukavu au Goma, mbabula inaingizwa chumbani na mlango unafungwa. Makala yakishika vizuri hayatoi moshi, tunadhani yamekuwa salama. Kumbe yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, mwili unalegea, na aliyelala anaweza asiamke tena. Hakuna ua linalozuia hayo. Mbabula ilale nje, hata kama majivu yamefunika makala, maana ndani bado yanawaka. Mtu akizidiwa, atolewe nje mara moja na kupelekwa kituo cha afya. Kwa kupika, tufungue mlango na dirisha, vyote viwili.

Maua tuendelee kupanda, yanapendeza. Ila lile la majani mapana yenye madoa meupe, dieffenbachia, liwekwe mbali na watoto: wakilitafuna, ulimi unavimba. Na maji yanayobaki kwenye sahani chini ya chungu yamwagwe, mbu wasizalie humo.