Fahamu: Kwa nini hifadhi pekee haitaokoa okidi za chikanda

Chikanda, chakula cha Zambia cha viazi vya okidi vilivyotwangwa na karanga, kimeufanya mji wa mpakani wa Tunduma kuwa njia ya biashara inayomaliza maua ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa 2003, ulikadiria viazi milioni 2 hadi 4 huvuka mpaka kila mwaka. Kitulo, uwanda wa okidi katika nyanda hizo, ikawa Hifadhi ya Taifa 2005. Vizuri, ila mchimbaji hufuata mbuga isiyolindwa. Atajitetea kwamba biashara hii inalisha watoto, na si uongo. Lakini kiazi kikichimbwa, mmea umekwisha, na mbegu zake, ndogo kama vumbi, haziwezi kuota porini bila kuvu wa udongoni. Kwa hiyo vyuo vikuu vitafute mbinu ya kulima okidi hizi. Marufuku bila shamba huongeza magendo tu.