Mama Mwenye Huzuni na Mtoto Wake

Mama amejifungua salama. Mtoto ni mzima. Lakini wiki zinapita, mama hacheki. Chakula hakimpandi. Usingizi haupati, hata mtoto akilala. Akimnyonyesha, hamtazami usoni. Majirani wanasema, "Mvivu huyo," au ati karogwa. Siyo hivyo, ndugu wasomaji. Huo ni ugonjwa, unaitwa sonona.

Mbona unamwumiza na mtoto? Mtoto mchanga hujifunza kwa kuutazama uso wa mama. Akitoa sauti, mama humjibu. Hayo ndiyo mazungumzo yake ya kwanza. Mama akiugua, mtoto huita asijibiwe, na pengine huacha kuita.

Je, unatibika? Unatibika. Katika vijiji vya Rawalpindi, nchini Pakistan, akina mama walitibiwa kwa mazungumzo. Hawakupelekewa daktari bingwa. Walifundishwa kazi hiyo wanawake wahudumu wa afya, wale wale waliozoea kupita nyumba kwa nyumba. Kila mama alipangiwa kutembelewa mara 16, tangu mwezi wa mwisho wa mimba.

Mhudumu hakuja kuhubiri. Alisikiliza kwanza. Kisha alitumia picha, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Sisi tunaofundisha watu wazima tumelipenda sana jambo hilo. Tuseme mama anawaza, "Mimi sifai, hata nikimbeba atalia tu." Wanalipima wazo hilo pamoja. Je, ni kweli? Jana ulipombeba hakunyamaza? Halafu mama anapewa kazi ndogo: kesho unapomwogesha, zungumza naye. Mhudumu akirudi anauliza ilikuwaje.

Mume na mama mkwe nao walishirikishwa. Basi hapo ndipo penye kazi! Mama asiyepata hata saa moja ya kupumzika, maneno matupu yatamsaidia nini?

Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mtoto alipofikisha miezi 6, kati ya kila mama 100 waliotibiwa hivyo, 23 walikuwa bado wagonjwa. Kwa wenzao waliotembelewa bila mafunzo hayo, walikuwa 53. Tena watoto waliharisha mara chache zaidi, walipata chanjo zaidi, na baba na mama walicheza nao zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kufundishia njia hiyo.

Ukimwona mama wa namna hii, kaa naye umsikilize, kisha mfuatane zahanati. Akisema anataka kujiua au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni siku hiyo hiyo.