Umeme Umerudi, Mfumo Bado: Kwa Nini Data Zilizo Katika Kache Huokolewa Kwanza

Mwananchi anayefika katika ofisi ya umma muda mfupi baada ya umeme kurejea huweza kukuta taa zinawaka na feni zinazunguka, lakini mhudumu aliye dirishani akamwambia kuwa mfumo haujarudi. Wengi hudhani huo ni uzembe. Hata hivyo, saa hiyo hiyo, katika chumba cha seva ambacho mwananchi hakioni, huenda wataalamu wanafanya kazi isiyoweza kuharakishwa bila hatari: kuhakikisha kuwa taarifa zilizopokelewa sekunde chache kabla ya umeme kukatika hazipotei. Miongoni mwa taarifa hizo huweza kuwamo malipo ya ada, usajili wa kizazi au mabadiliko ya umiliki wa kiwanja.

Hitilafu za umeme si jambo geni. Aprili 1, 2024 hitilafu katika Gridi ya Taifa ilisababisha maeneo mengi ya Tanzania kukosa umeme. Nchini Kenya, Juni 7, 2016, tumbili mmoja aliyeangukia transfoma katika kituo cha kufua umeme cha Gitaru alitosha kuiingiza nchi nzima gizani. Kwa kuwa chanzo huweza kuwa kikubwa au kidogo kiasi hicho, taasisi inayotunza taarifa za watu inapaswa kujua mapema itafanya nini umeme utakaporudi.

Kache ni nini

Taarifa za mfumo mkubwa hazikai katika kompyuta ya mhudumu. Hutunzwa katika mtambo wa kuhifadhi data, ambao ni kabati lenye diski nyingi zinazofanya kazi kama diski moja, zikiongozwa na kidhibiti kimoja au viwili. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kadhaa kufika mahali pa kuandika, ilhali kumbukumbu ya kielektroniki hupokea data hiyo hiyo kwa kasi kubwa mno kuliko diski. Kwa sababu hiyo, kidhibiti hupewa kumbukumbu ya haraka iitwayo kache. Data inapofika huwekwa kwanza katika kache, seva hujibiwa kuwa imepokelewa, na muda mfupi baadaye kidhibiti huipeleka diskini kwa mpangilio.

Utaratibu huu unafanana na wa masjala. Mwananchi anapoleta barua, karani huipokea, hugonga muhuri katika nakala ya mwananchi na kuiweka barua katika trei. Baadaye huiingiza katika jalada husika. Utaratibu huo huokoa muda, lakini una udhaifu mmoja: upepo ukiipeperusha trei kabla ya barua kufika katika jalada, mwananchi atabaki na nakala yenye muhuri ilhali jalada halina kitu.

Kache ndiyo trei hiyo. Kumbukumbu yake husahau kila kitu umeme unapokatika, na ndiyo maana watengenezaji huipatia ulinzi wa aina mbili. Katika mitambo ya zamani, betri ndogo huendelea kuilisha kache ili isisahau, kwa kawaida kwa muda usiozidi saa 72. Katika mitambo mingi ya sasa, betri au kapasita hutoa nguvu ya muda mfupi tu, inayotosha kuhamisha data kutoka katika kache hadi katika kumbukumbu ya flashi ambayo haihitaji umeme ili kutunza kilichomo.

Tofauti ya aina hizo mbili si ya kitaalamu tu. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kutokana na hitilafu ya miundombinu iliyokuwa ikileta umeme kutoka Tanzania Bara. Katika hali kama hiyo, mtambo usio na jenereta na unaotegemea betri ya saa 72 ungepoteza data zilizosubiri katika kache kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Data zilizohamishiwa katika flashi zingeendelea kuwapo.

Funzo kutoka Ubelgiji

Hata taasisi zenye uwezo mkubwa hazina kinga kamili. Agosti 13, 2015 radi nne zilipiga mfululizo gridi iliyokuwa ikilisha kituo cha data cha Google nchini Ubelgiji. Umeme wa dharura uliwaka haraka na mitambo ya kuhifadhi ilikuwa na betri. Hata hivyo, baadhi ya data zilizoandikwa karibuni zilikuwa katika mitambo iliyoathirika zaidi pale betri zinapotumika kwa muda mrefu au mara kwa mara. Kampuni hiyo ilitangaza kuwa kilichopotea moja kwa moja kilikuwa chini ya asilimia 0.000001 ya nafasi ya diski katika eneo hilo la huduma.

Kiasi hicho ni kidogo sana kwa kituo, lakini si kidogo kwa mtu ambaye taarifa yake ndiyo iliyopotea. Tukio hilo linaonyesha mambo mawili. Kwanza, kilicho hatarini zaidi ni kile kilichoandikwa mwisho. Pili, umeme unaokatika na kurudi mara kadhaa huweza kudhuru kuliko unaokatika mara moja, kwa sababu betri hukosa muda wa kujaa tena.

Hatua zinazofuatwa umeme unaporudi

Hatua ya kwanza ni kusubiri. Mitambo haiwashwi pale pale taa zinapowaka, kwa kuwa umeme huweza kuyumba au kukatika tena. Wataalamu hujiridhisha kwanza kuwa umeme umetulia, na kuwa jenereta na vifaa vya umeme wa akiba viko tayari.

Hatua ya pili ni kuwasha kwa mpangilio. Vifaa vya mtandao na makabati ya diski hutangulia, hufuata vidhibiti, na seva huwa za mwisho. Kidhibiti kikiamka kabla ya diski zake, kitaziona kama hazipo. Kitakuwa na data mkononi bila mahali pa kuzipeleka, na mara nyingi kitatoa tahadhari na kumtaka mhudumu wa mtambo achague kati ya kurejesha diski zinazokosekana na kufuta data zinazosubiri.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Kuchagua kufuta hunyamazisha tahadhari na kuuwezesha mtambo kuwaka upesi, jambo linaloweza kumvutia mtaalamu ambaye foleni ya wananchi inamsubiri na simu za viongozi zinaita. Lakini data hizo zikishafutwa hazirudi, na diski huweza kubaki na kumbukumbu zilizoandikwa nusu. Sahihi ni kuzima, kukagua nyaya na umeme wa kila kabati la diski, kisha kuwasha upya kwa mpangilio. Mara nyingi diski zinazodaiwa kukosekana huwa ni za kabati ambalo swichi yake ya umeme haijawashwa.

Hatua ya tatu ni kusoma daftari la matukio la kidhibiti. Humo huonekana saa ambayo umeme ulikatika, hali ya betri, na iwapo data zilihifadhiwa salama. Saa ya mtambo nayo hukaguliwa, kwa kuwa ikiwa imerudi nyuma itaupotosha mfuatano wa matukio. Diski zote zikionekana, kidhibiti huandika chenyewe data zilizosubiri, na kazi ya mtaalamu ni kuacha shughuli hiyo ikamilike kabla ya kuziruhusu seva kuanza kazi.

Kidhibiti kikiwa kimeharibika, kadi yake wala betri yake haichomolewi kwa kubahatisha, kwani huenda ndiyo inayobeba nakala pekee ya data hizo. Katika mitambo yenye vidhibiti viwili, kwa kawaida kila kimoja hutunza nakala ya data zinazosubiri katika mwenzake, hivyo kilicho kizima huweza kukamilisha kazi.

Hatua ya nne huhusu hali mbaya zaidi, yaani betri imeisha na data zimepotea. Huduma hazifunguliwi kwa matumaini kuwa mambo yatakuwa sawa. Wataalamu hukagua ulinganifu wa diski na mfumo wa mafaili, hurejesha hifadhidata kwa kutumia nakala rudufu na kumbukumbu za miamala, kisha hulinganisha matokeo na taarifa za benki na mitandao ya simu. Muamala uliopo benki na usiokuwapo katika mfumo wa ofisi hufuatiliwa mmoja baada ya mwingine.

Kwa nini mfumo huwa mzito baada ya kurudi

Baada ya huduma kufunguliwa, wananchi huweza kuona mfumo unakwenda polepole kwa saa kadhaa. Sababu mojawapo ni kwamba betri ya kache bado inajaa. Ikiwa haijajaa, mitambo mingi hujiwekea tahadhari: huacha kuandika kwa kupitia kache na kuandika moja kwa moja diskini. Huo ni mwendo wa pole ulio salama. Mtaalamu anaweza kuulazimisha mtambo utumie kache bila betri ili kuongeza kasi, lakini umeme ukikatika tena, kila kilichomo katika kache kitapotea. Iwapo uzito huo hauishi baada ya siku moja, kuna uwezekano kuwa betri imechakaa na inahitaji kubadilishwa.

Wajibu wa taasisi na wa mwananchi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda, ikiwemo dhidi ya upotevu. Katika chumba cha seva, wajibu huo hutimizwa kwa mambo yanayoonekana madogo: kukagua hali ya betri za kache kwa ratiba, kuzibadilisha kabla hazijafa, kulijaribu jenereta likiwa na mzigo, kubandika mpangilio wa kuwasha mitambo mahali unaposomeka, na kujaribu kurejesha nakala rudufu badala ya kuamini tu kuwa zipo.

Kwa upande wake, mwananchi aliyelipia huduma muda mfupi kabla ya umeme kukatika anashauriwa kutunza stakabadhi, ujumbe wa simu na kumbukumbu namba ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba. Asilipe mara ya pili kwa sababu tu malipo ya kwanza hayaonekani. Asubiri mfumo utulie, kisha awasilishe kumbukumbu hizo katika ofisi husika. Trei ya masjala ikipeperushwa, nakala yenye muhuri iliyo mkononi mwa mwananchi ndiyo itakayoonyesha kuwa barua ilipokelewa.