Bakteria wa Pakiti Hawaondoi Chumvi

Kisima cha mafuta kinavyozeeka, maji yanayopanda nayo huzidi mafuta yenyewe. Huja na chumvi na matone ya mafuta. Kwenye visima vingine chumvi hupita ile ya bahari, ambayo ni takriban gramu 35 kwa lita. Anayekabidhiwa kuyasafisha huanza na swali lile lile: zimwagwe pakiti ngapi za bakteria bwawani?

Hakuna idadi iliyo sahihi, kwa sababu hakuna bakteria anayekula chumvi. Mafuta humeng'enywa, chumvi hubaki yote, na jua likipunguza maji hukolea zaidi. Tena, bakteria waliolelewa katika maji baridi wakitupwa ghafla kwenye chumvi kali hupoteza maji ya seli zao, wakanywea hata kabla ya kugusa mafuta. Wanaoiweza kazi hiyo kwa kawaida wapo tayari. Alcanivorax borkumensis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1998, ni mkazi wa bahari na chakula chake hasa ni haidrokaboni, yaani kemikali zinazounda mafuta. Kinachomkwamisha ni uhaba wa naitrojeni, fosforasi na oksijeni, si uchache wa ndugu zake. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, mbolea iliharakisha kazi ya bakteria wenyeji wa fukwe. Bidhaa za bakteria zilizojaribiwa huko mwaka uliofuata hazikuongeza faida ya maana. Biashara ya pakiti inaendelea vilevile.

Kumwaga sabuni bwawani ni balaa kubwa zaidi. Utando wa mafuta hutoweka machoni, mwenye bwawa akafurahi, kumbe mafuta yamevunjika kuwa matone madogo mno yasiyoelea tena. Mtego wa mafuta hauyanasi, na vichujio vya mbele huziba.

Usafishaji wenyewe huenda kwa hatua. Mafuta yanayoelea huenguliwa. Matone madogo huinuliwa kwa viputo vya hewa. Yanayobaki huachiwa bakteria waliozoeshwa chumvi taratibu kwa wiki kadhaa, wakipewa hewa na virutubisho. Kwa kuwa katika chumvi tope lao hutuama kwa shida, kichujio cha utando wenye vitundu vya chini ya maikromita 0.5 huwazuia wasitoroke na maji. Utando wa kauri ni ghali, lakini huhimili mafuta na kuoshwa kwa kemikali kali. Palipo na ardhi tele, matete huweza kutosha: huko Nimr, Oman, maji ya visima hupita kwenye mashamba makubwa ya matete, bakteria wa mizizini wakala mafuta, kisha maji huishia mabwawa ya uvukizi. Anayetaka maji yasiyo na chumvi hutumia osmosisi ya kinyume (kusukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi), mafuta yakishaondolewa, kwa shinikizo ambalo kwenye maji ya bahari hufika baa 55 hadi 70. Chumvi ikikaribia gramu 70 kwa lita, mitambo ya kawaida ya aina hiyo hukwama. Hapo maji huchemshwa na mvuke wake kukingwa. Maji makali yanayosalia hushindiliwa kwenye visima virefu, au hukaushwa mpaka yabaki mabonge ya chumvi ya kuzikwa.