Kwa Maruhubani wa Kithimani

Niliposhuka garini Kithimani, katika barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, neno la kwanza kuuliza lilikuwa Kibla. Adhuhuri ilikuwa ikinikaribia, nami nakwenda kwenye nyumba ya watawa wa Kikristo!

Huku ni Yatta, Ukambani, nchi kavu ya mbaazi na maembe. Panaponawiri, mara nyingi ni kwa fadhila ya mfereji wa maji ya mto Thika, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliotiwa kizuizini wakati wa Mau Mau. Katika nchi hiyo Wakopti wa Misri wamejenga monasteri yao, wakaiita kwa jina la Antonio, yule Mmisri wa karne ya tatu aliyegawa mali yake kwa maskini akaingia jangwani. Mlango wa kuja kwao huku ulifunguliwa mwaka 1976, Papa Shenouda wa Tatu alipomweka Antonius Markos, tabibu aliyekwisha fanya kazi Ethiopia, awe askofu wa mambo ya Afrika.

Msomaji asidhani kwamba hawa ni wageni kwetu. Bibi Maria Al-Qibtiyya, mama yake Sayyidna Ibrahim mwana wa Mtume (s.a.w.), alitoka kwao. Na Amr bin Al-As alipoiteka Misri, alimpa amani Patriaki wao Benjamin, aliyekuwa mafichoni miaka mingi akiwakimbia Warumi.

Mtawa aliyenipokea alivaa kanzu nyeusi na kofia iliyotariziwa misalaba. Tulisalimiana kwa Kiarabu. Changu cha chuoni, chake cha Misri, kila jimu huitamka ga. Tulichekana kidogo. Mlangoni mwa kanisa akavua viatu, nami nikavua vyangu bila kuambiwa.

Huswali mara saba kwa usiku na mchana, na siku zao za kufunga hupita mia mbili kwa mwaka, wasile nyama wala maziwa. Sala ya mchana huiita ya saa sita, na saa sita yao ni hii hii yetu, kwani nao huhesabu tangu macheo. Basi ilipofika, akanipa kata ya maji nitawadhe, akanionyesha kivuli cha mwembe. Yeye aliingia kuelekea mashariki; mimi nilielekea kaskazini, maana kwa Kithimani Makka iko huko, ikipinda mashariki kidogo tu.

Baadaye nilikaa na kijana wa Kikamba anayejifunza utawa. Lilikuwapo swali lililonikaa kooni tangu Mombasa. Dini yetu haina utawa; Kurani inawasifu maruhubani kwa kutotakabari, lakini pia yasema kuwa utawa waliuzua wenyewe. Nikamwuliza: mtu aachaje kuoa, na mama yake yu hai?

Hakukasirika. Aliinama akichambua mbaazi.

"Mama alilia, mzee wangu. Mimi ndiye mwanawe wa pekee wa kiume. Alisema nimemzika kabla hajafa."

"Na sasa?"

"Mwaka mzima hakuja. Kisha siku moja nikamwona langoni na kikapu." Akainua konzi ya mbaazi. "Hizi ni zake. Lakini mpaka leo ndani haingii."

Sikuwa na la kumjibu. Nilivuta ungo, nikamsaidia kuchambua mpaka gari la Thika likapiga honi barabarani.