Kamera tatu, forfe moja: namna ya kutangaza mkutano wa Kasongo ili wa Kabambare wauone



Kukiwa mkutano mkuu ku Kasongo, mwenzetu aliyebaki Kabambare anapata nini? Mara nyingi anapata video ya dakika mbili ku WhatsApp: meza ya wakubwa, maua ya plastiki, na mgongo wa mtu aliyesimama mbele ya telefone. Kama komite ilichaguliwa kwa kuinua mikono, hakuiona hiyo mikono. Aliambiwa tu jina la aliyeshinda. Kiisha mwezi unaofuata anaombwa alipe kotizasio. Anauliza: je, walichaguana wenyewe kwa wenyewe? Hata kama uchaguzi ulikuwa safi kabisa, ana haki ya kuuliza, juu telefone moja inaonyesha paka kile mwenye kuishika ametaka kuonyesha.

Njo maana nataka kuwaeleza kazi ya kamera nyingi. Si kwa urembo wa televisheni. Telefone tatu ambazo tayari ziko mfukoni mwetu, Tecno, Itel, Samsung, zinatosha kwa mkutano wa watu mia moja. Ya kwanza inaona sale nzima, ya pili inaona anayesema, ya tatu inaona watu waliokaa. Anayetazama kutoka mbali anajua swali limetoka wapi, nani amejibu, na mikono mingapi iko juu.

Watu wakisikia hivi wanasema: "Kamera tatu ni forfe tatu, na rezo yetu tunaijua." Hapo njo watu wengi wanajifunga bure. Wifi si intaneti. Ni vitu viwili, hata kama kila siku tunavipata pamoja.

Mimi ni mtu wa shamba, acheni nieleze kwa njia ya shamba. Uko na mashamba matatu ya mpunga, ghala moja na lori moja. Mavuno yanatoka shambani mpaka ghalani juu ya vichwa vya watu, hayaombi lori. Lori linaombwa siku ya kupeleka Kindu, na linabeba ule mzigo mmoja uliopimwa na kufungwa. Ku sale ni vilevile. Telefone tatu zinapeleka picha ku ordinatere kwa njia ya rutere ndogo, na rutere hiyo inaweza kuwa haina intaneti hata kidogo. Ordinatere njo ghala. Inachagua picha moja, na hiyo moja tu njo inatoka nje kwa forfe. Kama hamna rutere, telefone ya nne inaweza kugawa wifi kwa zingine bila kuwa na mega hata moja ndani.

Sasa tupige hesabu. Picha ya 720 inayotoka kwa megabiti 2,5 kwa sekunde inakula karibu jiga 1,1 kwa saa moja. Telefone tatu zikitangaza kila moja kivyake, ni karibu jiga 3,4, na mtazamaji anabaki na video tatu ambazo hazilingani. Ukishuka ku 480, kwa megabiti 1, saa moja inakula mega 450. Kwa rezo yetu mimi naanza hapo. Picha ya 480 inayotembea ina faida kuliko ya 720 inayoganda kila dakika. Mbele ya yote, pima mwendo wa kupandisha, si ule wa kushusha, fasi ileile na saa ileile ya mkutano, kiisha tumia nusu yake tu. Ukipata 2, tangaza kwa 1. Rezo ya asubuhi na rezo ya jioni, wakati mji mzima umeingia ku Facebook, si rezo moja.

Na tusisahau: anayetazama pia analipa. Zile mega 450 zinatoka pia mfukoni mwa mwanafunzi wa Kabambare. Kwa hiyo mukiweza, tengenezeni na njia ya sauti peke yake. Sauti ya kilobiti 64 inakula mega 29 hivi kwa saa, na redio ya karibu ikikubali kuishika, watu wengine hawatalipa kitu.

Ku ordinatere tunaweka OBS Studio. Ni ya bure, inatembea ku Windows, Mac na Linux. Ndani yake unatengeneza ukurasa mmoja kwa kila kamera, kiisha unapita kutoka mmoja kwenda mwingine kwa kubonyeza kitufe. Ku telefone za Android tunaweka IP Webcam. Ukiianzisha inakupa anwani, mara nyingi inaanza na 192.168, na ukiiandika anwani hiyo ku ordinatere iliyo ku wifi ileile, picha inatokea. DroidCam inafanya kazi kama hiyo, na inakubali pia waya wa USB. Kwa telefone iliyo karibu na ordinatere, waya una faida kuliko wifi. Kuko pia VDO.Ninja, inayopita ndani ya navigatere bila kuweka programu. Ni nzuri, lakini inataka intaneti ili telefone zikutane mwanzoni, kwa hiyo kwetu haiwezi kuwa ya kwanza. Pakueni haya yote nyumbani siku mbili mbele, msingoje kufika ku mlango wa sale.

Kama rutere iko na masafa mawili, ya 5 inabeba haraka lakini inachoka ikikuta ukuta. Ya 2,4 inaenda mbali zaidi, lakini inajaa upesi. Ndani ya sale moja chukueni ya 5. Iwekeni juu kuliko vichwa vya watu, juu mwili wa mtu umejaa maji, na maji yanameza mawimbi. Na neno la siri libaki kwa watu wanne wa kazi. Kila mmoja atakuja: "Mkubwa, nisaidie code." Mwambieni hakuna intaneti ndani, na hamtakuwa mumesema uongo.

Telefone za kamera ziwekwe ku hali ya ndege, kiisha muwashe wifi peke yake. Bila hivyo mama mkubwa atapiga kutoka Wamaza na picha ya mwenyekiti itakatika. Toeni zile kava za telefone, na msiziweke juani. Telefone inayopika picha saa mbili inapata joto, na ikizidi inafunga kamera yenyewe. Kama programu inaruhusu, fungeni rangi na mwanga visibadilike-badilike, la sivyo msemaji mmoja atakuwa wa buluu ku kamera moja na wa manjano ku nyingine. Miguu ya kushikia telefone, seremala yeyote wa mtaa anaitengeneza kwa mbao ao kwa mianzi.

Ku sauti njo nitakaa zaidi, juu watu wanasamehe picha mbaya, lakini sauti mbaya wanaifunga. Kanuni iko moja: kamera tatu, sauti moja. Zimeni sauti ya telefone zote tatu ndani ya OBS. Kila telefone inafika ku ordinatere na uchelewaji wake, na ukiacha mikro tatu wazi utasikia mtu mmoja akisema kama watu watatu ndani ya pipa. Chukueni sauti ku meza ya sono kwa waya. Kama sono haina fasi ya kutokea, telefone moja ndogo iwekwe karibu kabisa na msemaji. Msiiweke karibu na baflo iliyo mwisho wa sale: sauti inatembea karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mita 34 tu tayari zinakuchelewesha sehemu ya kumi ya sekunde, na mwangwi wa kuta unaongezeka juu yake.

Kiisha, picha ya wifi inafika nyuma ya sauti ya waya. Midomo inachelewa maneno. Mmoja asimame mbele ya kamera apige kofi moja kubwa. Tazameni ku ordinatere: sauti ya kofi imetangulia mikono kwa kiasi gani? OBS iko na fasi ya kuchelewesha sauti kwa milisekunde. Jaribuni 200, 300, mpaka kofi na mikono vikutane. Rudieni kwa kila kamera, na kama hazilingani chukueni ya msemaji kuwa kipimo, juu kwake njo midomo inaonekana. Msimu wa mvua kuko jambo lingine ambalo hakuna programu inalitibu: mabati. Mvua ikianguka juu ya mabati, hata mikro ya bei itasikia mvua tu. Kwa hiyo mambo ya kura yawekwe mwanzoni mwa mkutano.

Kamera zikae wapi? Fikirieni mpira. Kamera zote kubwa ziko upande mmoja wa uwanja. Ukiweka moja upande wa pili, timu iliyokuwa inashambulia kuume itaonekana ghafla inashambulia kushoto. Ku sale, piga mstari kichwani mwako kutoka kwa msemaji mpaka kwa wasikilizaji, kiisha kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari huo. Madirisha yawe nyuma ya kamera, yasiwe nyuma ya msemaji, la sivyo uso wake utakuwa kivuli. Wakati wa kura, anayebonyeza OBS arudi ku picha ya sale nzima na abaki pale mpaka hesabu iishe. Hiyo muandike ndani ya utaratibu wa mkutano, isiwe mapenzi ya fundi. Fundi naye ana mgombea wake.

Umeme. Telefone tatu zinazosharji ni kama wati 30, ordinatere 60, rutere 10. Kama muko na Starlink ndogo, ongezeni 25 mpaka 40. Tuseme wati 140. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 iko na wati-saa 1 200, lakini batri ya kawaida ya asidi haitakiwi kupita nusu, kwa hiyo ni 600, na inverta inakula yake. Mnabaki na saa tatu na nusu hivi. Jeneratere inawezekana, lakini iwekwe mbali, juu ya ile sauti niliyosema.

Nimetaja Starlink. Machi 2024 ARPTC ilikuwa imeikataza nchini, kiisha Mei 2025 ikapewa ruhusa. Kwa miji kama yetu, mbali na waya za fibre, ni mlango uliofunguka, lakini hata hiyo ni lori tu. Ghala bado ni yenu.

Mitandao nayo iko na masharti. Facebook, tangu 2024, inataka akonti iwe na siku 60 na ukurasa uwe na wafuasi 100. YouTube inataka watu 50 wajiandikishe kama unatangaza moja kwa moja kutoka telefone. Ukipitia OBS haiwaombi, lakini mara ya kwanza inaweza kukungojesha masaa 24. Kwa hiyo akonti ya chama isifunguliwe siku ya mkutano. Na tangu Februari 2025 Facebook inafuta video za direkti kiisha siku 30. Kama hiyo njo ilikuwa ushahidi wenu wa kura, mwezi wa pili hamna kitu.

Jambo moja zito. Direkti inaambia kila mtu muko wapi sasa hivi, wangapi, na nani amekuja na moto gani. Kabambare kuko njia ambazo mtu hapendi kutangaza kwamba atazipita leo jioni. Kama mkutano unahusu pesa, ardhi ao machimbo, msitangaze saa ileile. Rekodini yote, mtangaze kesho watu wakisha kufika nyumbani. Na mbele ya kuanza, mwenyekiti atangaze kwamba kuko kamera, na mstari mmoja wa viti ubaki nje ya picha kwa asiyetaka kuonekana.

Hii ya kurekodi nairudilia. OBS inaweza kutangaza na kurekodi kwa wakati mmoja. Chagueni iandike kwa aina ya MKV, si MP4. Umeme ukikatika katikati, faili ya MP4 mara nyingi inakufa yote, lakini ya MKV inabaki na kila kitu kilichorekodiwa mpaka dakika ile. Kiisha OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4. Na intaneti ikizimika, kazi ndani ya sale haisimami, juu wifi ya ndani haikuitegemea. Wote tunakumbuka Desemba 31, 2018, kiisha uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu wiki tatu.

Zamani Kabambare ilikuwa kituo cha misafara kutoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe, na habari ilitembea kwa miguu. Leo bado inaweza kutembea hivyo. Masaa mawili ya mkutano, yakirekodiwa kwa megabiti 2,5, ni jiga 2 na kidogo, yanaingia ndani ya karte ya memori ndogo kuliko ukucha. Nakilini ku karte mbili. Moja ibaki kwa sekretere, nyingine ifungwe ndani ya plastiki, ipewe mtu wa moto anayejulikana, na mwenzetu wa Kabambare apigiwe simu aambiwe iko njiani. Akifika nayo, waifungue mbele ya watu, siyo ndani ya nyumba ya mtu mmoja, wahesabu mikono wao wenyewe. Wakipata hesabu nyingine, wapige simu na kusema ni dakika ya ngapi.